Jibu: Makinda wa shore kwenye mpera, niwapige picha vipi wakiruka?

Mkuu, umeuliza ununue lenzi gani ili uwanase makinda wa shore, yule ndege mdogo wa bustanini, siku watakapotoka kiotani, na kuna mdau hapo juu kakushauri upunguze vitawi viwili vitatu ili pawe peupe. Lenzi tutafika. Kwanza weka panga chini.

Mimi nilikata. Ilikuwa hapahapa Dar, kiota kiko ndani ya bogenvilia ya uani, makinda watatu. Wala si tawi zima, majani tu, halafu nikasogea na kamera hadi kama mita mbili. Kumbe walishafika ule umri ambao kinda hajui kuruka ila kukimbia anajua. Wakachupa wote kwa mpigo, huyu huku, yule kule. Kunguru alikuwa juu ya nguzo ya umeme muda wote ananitazama mimi, maana mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Picha pekee iliyotoka vizuri siku ile ni ya kunguru, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Jambo ambalo sikulijua ni hili: shore hutoka kiotani akiwa na siku 11 hadi 13 hivi, kabla mabawa hayajakomaa. Kwa hiyo ile picha uliyonayo kichwani, kinda kakunjua mabawa anapaa kutoka ukingoni mwa kiota, kwa shore usiitegemee sana. Anatoka kwa kudundadunda tawi hadi tawi, anateleza, anajishikiza, kisha anatulia kichakani akilia njaa. Picha ziko hapo, baada ya kutoka. Wazazi wataendelea kumlisha siku nyingi tu, na wewe utakuwa umeacha kukisumbua kiota.

Msimu uliofuata nilikaa jikoni. Dirishani nikatundika khanga kuukuu yenye tundu, kamera nikailaza juu ya mfuko wa mchele wa kilo tano (unatulia kuliko stendi yangu ya bei rahisi), umbali kama mita saba. Siku mbili za mwanzo sikupata kitu zaidi ya maumivu ya mgongo. Siku ya tatu, saa moja kasoro asubuhi, mama akaja na kiwavi mdomoni lakini hakuingia kiotani. Akatua tawi la mbali akawa anaita. Ukiona hivyo, kidole kiwe kwenye kitufe. Kinda wa kwanza alitoka baada ya dakika chache, akaishia kwenye kamba ya kuanikia nguo, mkia mfupi kama umekatwa, pembe za mdomo bado za njano. Mama akamfuata akamlisha palepale, kati ya shati langu na taulo. Hiyo ndiyo picha yangu niipendayo kuliko zote.

Mipangilio: shata (kasi ya kupiga picha) 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 na usiogope chenga, vile vidoadoa vya kwenye picha. Kichwa cha shore ni cheusi, ukipiga anga ikiwa nyuma yake utapata kivuli tu, basi ongeza mwanga kidogo. Flashi hapana. Kuwachezea sauti ya ndege kwenye simu ili wasogee, hapana pia.

Ukimkuta kinda chini, usimpeleke ndani kwenye boksi. Kama yuko njiani au paka yuko karibu, mnyanyue umweke kwenye kichaka cha jirani, uondoke. Ile habari kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wa mtu si kweli.

Lenzi: milimita 300 ya mtumba inakutosha kabisa, yangu ni hiyo. Umesema leo wana siku nane, kwa hiyo una siku tatu hadi tano. Tafuta khanga leo, wazoee kuiona dirishani.