Mfuko Umetoka, Kirusi Kimebaki: Kwa Wanaoanza Kliniki ya Kina Mama

Swali hili litawafikia mapema: “Daktari, si nilitolewa kizazi, mwapima nini tena?” Msibabaike. Mabadiliko ya awali ya saratani ukeni hukaa zaidi theluthi ya juu ya uke, na wengi wanaoyapata walishatibiwa mlango wa kizazi au walitolewa mfuko wa uzazi kwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Mfuko ulitoka, lakini HPV, kirusi kinacholeta mabadiliko hayo, kikabaki. Hata baada ya tiba nzuri, takriban robo ya wanawake hurudiwa, na wachache huishia na saratani yenyewe.

Someni faili kabla mama hajapanda kitandani. Daraja la 1 la mabadiliko hayo mara nyingi hupotea lenyewe; la 2 na la 3 ndiyo ya kuhofiwa. Je, madoa yalikuwa sehemu nyingi? Anavuta sigara? Ana VVU, na dawa anazimeza? Aliyechomwa kwa leza hana kipande kilichokwenda maabara, kwa hiyo biopsi (kipande kilichokatwa kupimwa) ya kabla ya leza ndiyo ushahidi pekee kwamba haikuwa saratani tayari. Majibu yake yakikosekana, yatafuteni kwanza.

Makosa mengi hutokea kwenye kuangalia. Spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, huficha ukuta wa mbele na wa nyuma, basi izungusheni polepole mkiitoa. Mshono wa juu, palipofungwa uke baada ya upasuaji, una pembe mbili zilizojikunja kama masikio, na doa likiingia humo hata kolposkopu, ile darubini ya kukuzia, hailioni. Zikunjueni kwa kijiti kirefu cha pamba. Pakeni asidi ya siki ya 5%, mngoje dakika 3 kamili, kwani ukeni weupe huchelewa kujitokeza. Kisha ayodini ya Lugol, inayotia rangi ya kahawia palipo pazima, baada ya kuuliza kama ayodini humdhuru. Palipokataa rangi ndipo pa kukata kipande.

Kwa aliyekoma hedhi, ayodini hudanganya: ngozi imekonda, uke karibu wote unakataa rangi. Asipokuwa na historia ya saratani ya matiti, daktari anaweza kumpa krimu ya estrojeni kwa wiki chache, ndipo mumpime upya. Na kidole kisisahauliwe! Kivimbe kigumu kilichozikwa chini ya mshono huguswa tu, hakionekani.

Kurudi kliniki ni kila miezi 6 kwa miaka 2, halafu kila mwaka: seli za kilele cha uke pamoja na kipimo cha HPV. Aina ya 16 ya kirusi hicho ikiendelea kuonekana, msimpe tarehe ya mbali. Damu baada ya tendo la ndoa haingoji tarehe.

Hapa Mombasa tazameni kalenda pia. Mchana wa Ramadhani wengi hawatakubali kuingizwa spekulamu kwa ajili ya saumu. Mkipanga mwezi huo, mama wa Likoni hatavuka feri, nanyi mtaandika “hakuja”. Pangeni kabla ya mfungo au baada ya Idi, na muulizeni nambari ya pili ya simu, ya mtu ambaye mwenyewe ameridhia ajue habari zake.