Mafuta ya samaki, usonji na tabia za mtoto: majibu ya maswali yenu

Mwanangu wa miaka 6 ana usonji. Muuzaji wa virutubisho ananiambia watoto kama yeye hupungukiwa omega-3 kwenye damu, na chupa ni shilingi 3,000 kila mwezi. Ninunue? (Mama Imani, Umoja)

Kuhusu damu, muuzaji hakudanganya. Tafiti kadhaa zimewapima watoto wenye usonji na kukuta kwamba, kwa wastani, DHA na EPA, zile asidi za mafuta za omega-3 tunazozipata kwa samaki, ziko chini kuliko kwa wenzao. Ila mtoto anayekataa kila kitu isipokuwa wali mweupe na chipsi, ulitarajia damu yake iwe na nini? Huenda upungufu umetoka kwenye sahani, wala sio uliozaa tabia.

Je, ukimpa atabadilika? Mwaka 2007 huko Vienna, watoto 13 walishiriki jaribio la wiki 6, wengine wakipewa gramu 1.5 za omega-3 kwa siku na wengine dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia. Kutotulia kukaonekana kupungua kwa waliopewa mafuta, watu wakachangamka. Mwaka 2011 wahakiki wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipochambua majaribio yaliyofuata kanuni, walipata mawili tu, yenye watoto 37, na hawakuona ushahidi wa nafuu. Mwaka 2015 Kanada ikajaribu watoto 38 kwa miezi 6: waliopewa mafuta hawakuwashinda waliopewa dawa bandia, na ukorofi ulizidi kwa hao wa mafuta. Mimi hizo 3,000 ningempelekea mtaalamu wa usemi.

Daktari alitaja "mkazo wa oksidesheni". Ni ugonjwa? (Baba Tito, Kawangware)

Si ugonjwa. Mwili unapochoma chakula kwa oksijeni hutoa chembe kali zinazoshambulia chochote kilicho karibu, nao hujikinga kwa vizimaji vyake, kikuu kikiwa glutathioni. Chembe zikivizidi vizimaji, huo ndio mkazo. Ubongo umo hatarini zaidi: una asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, tena umejaa DHA, mafuta yanayoharibiwa upesi na chembe hizo. Hapo ndipo omega-3 na mkazo huu vinapokutana.

Mwaka 2004 watafiti wa Arkansas, Marekani, waliwalinganisha watoto 20 wenye usonji na 33 wasio nao, wakakuta glutathioni iko chini kwa wale 20. Ni jambo la maana, na wengine wamelikuta pia. Lakini kipimo cha damu hakisemi kilichotangulia ni kipi, na maambukizi au lishe duni vinaweza kuupandisha mkazo huo kwa mtoto yeyote.

Jingine: mafuta ya samaki yenyewe huharibika. Kama una vidonge nyumbani, pasua kimoja unuse. Kikinuka kama mafuta ya chipsi ya kibandani yaliyokaangiwa tangu juzi, tupa chupa nzima.

Omena si inatosha? Na nitamlishaje mjukuu wangu asiyetaka? (Nyanya Juma, Dandora)

Shikamoo, nyanya. Inatosha, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, anapata kalisi pia. Chagua yenye rangi ya fedha, isiyovunjikavunjika. Toa vichwa, loweka kwa maji moto, sugua na kumwaga mpaka mchanga uishe, kisha kaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi ikauke.

Sasa tafadhali, usiisage ukamfichie kwenye ugali. Watoto wengi wa aina hii hunusa kisichonuswa na mtu mwingine. Akigundua, atakataa omena na ugali pia, na hapo utakuwa umepoteza chakula alichokuwa anakila. Weka mbili tatu kwenye kisahani pembeni, bila kumbembeleza. Akiigusa, sawa. Akiilamba akaitema, hiyo nayo ni hatua. Huenda ikachukua miezi.

Mbegu za chia zinazosifiwa mjini zina omega-3 ya aina nyingine, ambayo mwili hugeuza kidogo sana kuwa DHA.

Kuna kliniki inatoa dripu ya kuondoa metali mwilini. Inasaidia usonji? (Msomaji, South B)

Usiende. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa baada ya kupewa dawa ya namna hiyo: kalisi ya damu ilishuka, moyo ukasimama. Dawa hizo ni za hospitalini, kwa mtu aliyepimwa akathibitishwa kuwa na sumu ya risasi au metali nyingine.

Binti yangu wa miaka 9 haongei, na mwezi huu ameanza kujigonga kichwa ukutani usiku. Nimwongezee omega? (Mama Neema, Kasarani)

Hapana, dada. Tabia iliyozuka ghafla kwa mtoto asiyeongea, mimi huanza kushuku maumivu. Mpeleke akaangaliwe meno, masikio na tumbo kwanza. Jikumbushe pia alipata choo lini mara ya mwisho, maana kufunga choo huwatesa wengi wao na hawawezi kusema. Usingizi nao uangaliwe. Hayo yakiwa salama, KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalumu, iko hapo hapo Kasarani na ina kituo cha tathmini. Nenda na daftari lenye saa anazojigonga, alichokula kabla, na siku za choo, kwa sababu hayo ndiyo watakayokuuliza.