Kompyuta ndogo ya sebuleni isiyovuma

Mkuu, umesema unataka kompyuta ya sebuleni isiyo na kelele, na unafikiria kuinunulia kadi ya picha. Kama ni kucheza muvi za 4K kwenye TV tu, hiyo kadi iache. Feni yake ndiyo italeta kelele. Tafuta kikompyuta chenye Intel N100: prosesa ya wati 6, inafungua HEVC ya biti 10 na AV1 (miundo ya kubana video) kwenye chipu yenyewe, kwa hiyo haichemki. Ramu GB 8, kijiti kimoja, maana N100 ina chaneli (njia) moja tu ya ramu. Weka LibreELEC, mfumo endeshi unaowaka moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea muvi.

Dell OptiPlex Micro ya mtumba yenye i5-8500T nayo inafaa, ila chipu yake haifungui AV1 yenyewe, kazi yote itabebwa na prosesa na feni itaanza kulia. Kingine: ikiwa tundu lake la skrini ni DisplayPort tu, adapta za bei chee za kwenda HDMI huishia 4K kwa 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Menyu inaburuta na filamu za fremu 24 kwa sekunde zinaweza kugotagota, halafu mtu analaumu kompyuta! Chukua adapta iliyoandikwa 4K 60Hz.

Mtumba ufungue kwanza: puliza vumbi, badilisha themo pesti (dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa). Usiifungie kabatini, hewa ya moto irudi humo humo.