Saa mpya inakimbia dakika 5 kwa siku

Pole ndugu kwa hiyo saa yako ya mkono. Saa mpya ya springi, isiyotumia betri, kukimbia dakika 5 kwa siku si kawaida. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu wastani wa sekunde 6 mbele au 4 nyuma kwa siku. Mimi nashuku sumaku. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, imejizungusha. Ikishikwa na sumaku mizunguko yake hugandana, inafanya kazi ikiwa fupi, saa inakimbia. Weka dira mezani, pitisha saa juu yake taratibu. Mshale ukiyumba sana, peleka kwa fundi saa mwenye kifaa cha kuondoa sumaku; ni kazi ya dakika chache, na asifungue kifuniko, utapoteza garantii. Usiilaze juu ya spika. Mshale ukitulia, irudishe dukani mapema.