Breki ya mkono haiachii

SWALI: Mazda MX-5 yangu ya 1992 hulala nje hapa Kisumu. Nikishusha breki ya mkono, gurudumu la nyuma kushoto bado linashika, rimu inachemka. Ninunue kebo?

JIBU: Ngoja kwanza. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi. Breki ikiwa chini, chomoa kebo kwenye kile kimkono cha kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki). Kikirudi chenyewe, kebo ndiyo mbovu: maji yameingia kwenye ganda, ikashika kutu. Kuimwagia oili ni kuahirisha tu. Kisiporudi, kutu iko ndani ya kalipa, ifunguliwe. Ukimaliza, rekebisha breki: fungua bolti ya milimita 14 nyuma ya kalipa, ingiza aleni (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, kaza hadi gurudumu lishike, kisha regeza theluthi ya mzunguko.