Umefunga tairi za A/T na taa ya upepo haizimiki? Pima kwanza, SET baadaye

Wiki iliyopita dada mmoja wa Rongai aliniandikia. Ametoa tairi za kawaida kwenye Mazda yake akafunga za A/T, yaani tairi za lami na njia mbovu pia, kwa sababu ya ile barabara ya kuingilia kwake, na tangu siku hiyo taa ya njano yenye alama ya mshangao imekataa kuzimika. Fundi wake amempa njia mbili: anunue sensa nne mpya, au abandike selotepu nyeusi juu ya hiyo taa maisha yaendelee. "Kaka, nifanye lipi?"

Usifanye hata moja, dada yangu. Na kwa kuwa si wewe wa kwanza kuniuliza, najibu hapa wasome wote.

Gari langu ni CX-5 iliyotoka Uingereza. Kwetu ni Makueni, na ukishaiacha lami ya Wote kuelekea bomani kwa mama, kinachobaki ni mchanga, mawe na makorongo. Tairi za lami zilinichosha kwa pancha. Wenzangu mnaotaka gari moja la kwenda kazini Jumatatu na shambani Jumamosi mnaelewa kwa nini nilihamia A/T. Nikanunua nne kwa mpigo, saizi ileile ya 225/65R17, na nikaangalia ubavuni tarehe ya kutengenezwa kabla ya kutoa hela. Zile tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Duka silitaji. Ni kubwa, lina sakafu ya vigae na kahawa ya bure.

Wakafunga, wakabalansi, wakafanya alainimenti. Nikaingia Mombasa Road. Kabla sijafika Cabanas, taa hiyo ikawaka. Nikageuza.

Kijana aliyevaa ovaroli isiyo na doa aliinama kwenye dashibodi, akatingisha kichwa, akasema, "Mzee, sensa zako zote nne zimekufa. Hizi tairi mpya zinahitaji sensa zake." Akanitajia bei inayopita ya tairi mbili. Nikamwambia gari hili halina sensa hata moja ndani ya tairi, aangalie valvu aone kama si mpira mtupu. Hakuangalia. Alimwita mwenzake, wakacheka kidogo, kisha akaniuliza kama mimi ni fundi. Sikumjibu. Kuna vicheko ambavyo mtu mzima anavimeza akaenda zake, lakini havisahau.

Nikaenda nyumbani polepole, nikaliacha gari lilale. Asubuhi, kabla jua halijagusa tairi, nikatoa kipimo changu cha mkono. Mbele kulia, psi 44. Mbele kushoto, 38. Nyuma, 42 na 39. Kibandiko cha mlango wa dereva kinataka bar 2.3, yaani psi 33 na kidogo. Duka la kahawa ya bure lilikuwa limepiga upepo kwa kukisia! Nikapunguza hadi tairi zote nne zikalingana, nikawasha swichi bila kuondoka, nikabonyeza kitufe cha SET kilicho kwenye safu ya vitufe karibu na goti la dereva, nikakishikilia. Taa ikapepesa mara mbili, mlio ukalia mara moja. Nikaendesha kama kawaida na haikurudi. Gharama yake ilikuwa sifuri.

Sasa tuelewane kuhusu kilichotokea, maana wengi mnabonyeza SET kama mnaopiga ramli.

Magari yenye mfumo huu wa kuonya upepo wa tairi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ina sensa halisi ndani ya kila gurudumu, imeshikamana na valvu, inapima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Aina ya pili, kama Mazda hii na Golf nyingi za Ulaya, haipimi upepo kabisa. Inasikiliza sensa za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, zinazohesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi likipungua upepo linakuwa fupi kidogo, hivyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na gari linashuku. Ukileta tairi za aina nyingine, zenye meno marefu na ubavu mgumu, hata kama saizi ni ileile, kumbukumbu ya zamani haifanani tena na mizunguko mipya. Taa inawaka. Hakuna kilichokufa. SET inaliambia gari: hali unayoiona sasa ndiyo sahihi, ikariri.

Ndiyo maana nasema pima kwanza. Gari litakariri chochote. Ukibonyeza SET tairi moja likiwa na 44 na jingine 38, umelifundisha kuwa huo ndio usawa. Ukibonyeza likiwa na pancha ndogo inayovuja, umeihalalisha pancha. Na tairi zote nne zikipungua pamoja taratibu, mfumo huu unaweza usione lolote, kwa sababu kazi yake kubwa ni kulinganisha. Kipimo cha mkono bado unakihitaji, tena chako mwenyewe, si kile cha petroli stesheni kilichoangushwa sakafuni tangu kizazi kilichopita.

Mnaofunga A/T mbili mpya na kuacha mbili za zamani ili kubana matumizi, nawaona. Tairi jipya la A/T lina meno ya milimita 10 hivi. La zamani labda limebaki na 5. Hiyo ni tofauti ya milimita 10 kwenye kipenyo, zaidi ya asilimia moja kwa gurudumu la saizi yangu. Kwa gari, tairi zako kuukuu zitaonekana kama zimepungua upepo. SET inaweza kulinyamazisha, lakini kama gari lako linavuta magurudumu yote manne, gia za kugawa nguvu zitaumia kwa tofauti hiyo, na hilo halina kitufe. Nunua nne. Kama hela haitoshi, subiri itoshe.

Jambo jingine: soma ubavuni kama tairi limeandikwa LT. Hayo ni ya magari ya mizigo. Kwa upepo wa kibandiko cha mlangoni yanabeba uzito pungufu kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo, kwa hiyo yanahitaji upepo zaidi, kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi. Kama hayana LT na saizi haijabadilika, fuata kibandiko, achana na ushauri wa jirani.

Halafu baridi. Joto likishuka nyuzi 6 hivi, tairi linapoteza karibu psi moja. Ukipiga upepo saa nane mchana Mlolongo tairi likiwa moto kwa mwendo, halafu Julai ukaamkia Limuru, usishangae taa ikiwaka. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Nimeshalisema, nalirudia, kwa sababu nikisema mara moja hamsikii.

Tumezoea kununua gari la mamilioni halafu kulikabidhi kwa mtu yeyote mwenye spana. Mnaweka manyoya kwenye dashibodi, mnafunga muziki wa kutikisa mtaa, lakini kitabu cha gari kimelala kwenye droo na karatasi yake ya nailoni haijatolewa. Kisomeni! Ukurasa wa tairi haumalizi hata chai. Na selotepu juu ya taa, tafadhali, una watoto kiti cha nyuma. Tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa Ulaya lazima liwe na mfumo huu. Marekani walilazimisha tangu 2007, baada ya ajali nyingi za tairi zilizopasuka. Taa hiyo ililipiwa kwa maisha ya watu.

Kwa wenye aina ya kwanza, yenye sensa ndani, hadithi ni tofauti kidogo. Tazama taa unapowasha gari. Ikiwaka moja kwa moja ikatulia, ni upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu, na hapo huenda kweli sensa imekufa au fundi ameivunja alipokuwa akilibandua tairi kwenye rimu. Betri yake hudumu miaka 5 hadi 10 na haibadilishwi peke yake, na sisi tunaruhusiwa kuagiza magari yenye umri hadi miaka 8, hivyo mengi hufika hapa betri zikiwa ukingoni. Sensa mpya lazima isajiliwe kwa mashine. SET peke yake kwa kawaida haitoshi. Na kabla hujalipa kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road, uliza masafa ya redio ya sensa: magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, ya Japani kwa kawaida 315. Ukinunua isiyo yako, muuzaji atakuonyesha kile kikaratasi cha ukutani kinachosema vifaa vya umeme havirudishwi.