Unapoambiwa "Don't Rock the Boat"

Anayefanya kazi na wageni hapa Mwanza, iwe katika kiwanda cha minofu ya samaki au katika mradi wa maendeleo, hachelewi kukutana na msemo wa Kiingereza "rock the boat". Maneno yenyewe yanataja kutikisa mashua, lakini kinachokusudiwa ni kusema au kutenda jambo litakalovuruga hali ambayo wengine wameshaizoea na wangependa ibaki ilivyo.

Kazi yangu ni kutafsiri katika mikutano ya wafanyabiashara wa dagaa na wafadhili wao, na vijana wanaoianza nawasihi wasiupeleke msemo huu kwa wasikilizaji neno kwa neno. Ziwa letu lina kumbukumbu nzito: MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikija Mwanza, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na katika kikao chochote cha Kirumba au Igombe huenda yumo aliyezika ndugu zake. Habari za kutikisa chombo zitamuumiza bure, na maana iliyokusudiwa haitamfikia. Mimi husema "kuchafua hali ya hewa", msemo ambao watu wetu wanauelewa papo hapo.

Mara nyingi msemo huu hutumika katika ukanushi, na hapo ndipo penye kuhitaji umakini. Mgeni akianza kwa "I don't want to rock the boat, but", anatanguliza adabu kabla ya kutoa pingamizi, kwa hiyo uzito wote wa kauli yake uko baada ya "but". Nimesikia wafasiri wakiutafsiri utangulizi vizuri kisha wakalilainisha pingamizi lenyewe, na wanakikundi wakaondoka wakiamini kwamba wamekubaliwa. Huko ni kuwanyima haki yao.

Ukiambiwa "Don't rock the boat" na mkubwa wako wa kazi, fahamu kwamba hajasema umekosea, amekutaka unyamaze. Muulize kwa heshima, mkiwa wawili, ni jambo gani hasa analotaka liachwe. Ikiwa ni mpangilio wa viti, liache lipite. Ikiwa ni maboya ya kujiokolea au ujira wa vibarua, liandikie barua, na katika barua hiyo usiuweke msemo huu kabisa, kwa maana ukijitaja mwenyewe kuwa unavuruga hali, msomaji atapata sababu ya kukupuuza kabla hajaifikia hoja.